Kikulacho kimo ukutani mwako

Msomaji, nyumba ya mawe haianguki kwa siku moja. Huanza kuanguka miaka mingi kabla, kimya kimya, huku wenyewe wakila na kulala ndani. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 huko Zanzibar, iliporomoka likiwa katika ukarabati. Watu wawili walipoteza maisha. Jumba hilo lilikuwa limechakaa kwa miaka.

Sasa tutazame mji wa kale wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Nyumba zake zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Vichwa vya boriti hizo vimezama ndani ya ukuta, mahali pasipoonekana. Masika ikinyesha, maji huingia kwa ufa wa paa, kwa bomba la choo linalovuja, au hupanda kutoka ardhini. Chokaa huyanywa maji hayo na kuyaacha yakauke. Lakini ukuta ukipigwa plasta ya simiti, maji hukosa pa kutokea. Nje unang'aa, ndani boriti inaoza na mchwa wanakaribishwa.

Je, utajuaje? Siku hizi kuna kamera ya joto, na nyingine ni ndogo kiasi cha kuchomekwa kwenye simu ya mkononi. Kila kitu hutoa mionzi ya joto tusiyoiona kwa macho. Mionzi ya namna hiyo iligunduliwa mwaka 1800 nchini Uingereza na mwanafalaki William Herschel, alipoona kipimajoto kikipanda pembeni mwa rangi nyekundu ya mwanga wa jua, mahali pasipo na mwanga wowote. Kamera huipokea mionzi hiyo na kuigeuza kuwa picha: aghalabu penye joto huwa manjano au nyekundu, penye ubaridi huwa buluu.

Nanyi wanafunzi, kumbukeni mtungi. Maji yake hukaa baridi kwa sababu yale yanayopenya udongo hukauka nje, na yanapokauka huondoka na joto. Ukuta wenye unyevu hufanya vivyo hivyo. Tena jiwe lililolowa huchelewa kupata joto kuliko jiwe kavu. Basi wakati wa kipupwe, masika yakiwa yamepita na kusi inavuma, ukuta unaoonekana mkavu huweza kutoa doa la ubaridi kwenye picha.

Hata hivyo, usikimbilie nyundo. Kamera haioni ndani ya ukuta. Husoma joto la uso wake tu. Kivuli au upepo wa dirishani pia huleta doa la ubaridi. Hapana budi fundi ahakikishe kwa kipima unyevu.

Huna kamera? Usikate tamaa. Gonga plasta kwa vidole: ikilia kama debe tupu, imeachana na ukuta. Tafuta unga mweupe wa chumvi, harufu ya ukungu, na vumbi la mbao chini ya vichwa vya boriti. Ukiona doa, lizungushie mstari wa penseli na uandike tarehe. Likivuka mstari wiki ijayo, maji bado yanaingia.

Tibu kwanza chanzo: paa, bomba au mfereji. Kisha bandua simiti na upige chokaa. Kupaka rangi juu ya doa ni kumfunika mgonjwa shuka badala ya kumpeleka hospitali. Na ukiona dari imelegea au boriti imepinda, usisubiri kamera wala fundi: watoe watoto chumbani humo leo hii.