Chura Atufunza Jinsi Mgongo Unavyofungika

Akina mama wasomaji wetu huenda wakauliza: chura anahusiana nini na mtoto aliye tumboni?

Wataalamu hulidunga yai lililorutubishwa la chura Xenopus, mwenyeji wa kusini mwa Afrika, wakatia maagizo ya kuunda protini yenye rangi ya kijani ing'aayo, iliyopatikana kwanza kwa yavuyavu wa baharini. Hadubini huonyesha kwamba katika seli za mgongo wa kiinitete, protini iitwayo Vangl2 hujikusanya kwenye ukingo wa mbele. Hivyo seli zote huelekea upande mmoja, kama askari katika gwaride. Protini hiyo ikiharibika, seli hazisongi pamoja, na mfereji utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo huweza kubaki wazi. Kasoro katika jeni za jamii hiyo zimeonekana pia kwa baadhi ya watoto waliozaliwa na mgongo wazi.

Kwa binadamu, mfereji huo hufungika ndani ya siku 28 hivi baada ya mimba kutungwa, wakati ambapo wengi hawajajitambua kuwa waja wazito. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani hushauri mwanamke anayetaka kushika mimba ameze mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku. Haizuii kila kasoro, lakini hupunguza hatari. Mwenye kungoja dalili huenda akawa amechelewa.