Jeneza la Arles-sur-Tech: maji yanatoka wapi?

Kusini mwa Ufaransa, karibu na mpaka wa Hispania, kuna mji mdogo uitwao Arles-sur-Tech. Nje ya kanisa la abasia yake kuna jeneza la marumaru la karne ya 4. Limeinuliwa juu ya vijiwe viwili, halina bomba wala chemchemi, lakini kila mwaka hutoa mamia ya lita za maji safi. Waumini hugawiwa maji hayo tarehe 30 Julai, sikukuu ya watakatifu Abdon na Sennen.

Haya, yanatoka wapi? Ardhini hapana, maana jeneza halijagusa udongo.

Labda ni umande? Umeshaona chupa ya soda ikitolewa kwenye friji inavyotoka jasho: mvuke wa hewani ukigusa kitu baridi hugeuka maji. Jiwe nalo hupoa usiku. Shida ni kwamba kila lita moja ya maji inayotokana na mvuke huachia joto la jouli kama milioni 2.5, na joto hilo hulipasha jiwe tena. Isitoshe, jiwe nene huwa bado limehifadhi joto la mchana. Mhandisi Achille Knapen aliligundua hilo kwa gharama kubwa. Mwaka 1930 alianza kujenga mnara wa mawe wa mita 14 huko Trans-en-Provence ili avune umande. Usiku uliokuwa bora kuliko zote alipata kama ndoo moja tu!

Inabaki mvua. Piga hesabu mwenyewe: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Kifuniko cha mita 1 ya mraba, kikinyeshewa milimita 700 kwa mwaka, kinapokea lita 700. Hata sehemu yake tu ikipenya, jeneza linapata maji ya kutosha. Na yakishaingia, hayapotei kirahisi: ndani kuna kivuli na upepo haupiti.

Utafiti wa mwaka 1961, na mwingine uliochapishwa 2001, uliishia hapohapo: mvua inayopenya kwenye kifuniko, ikiongezewa na umande.

Kwa muumini, maji yale hayapungukiwi thamani kwa sababu yalitoka mawinguni. Ila siku ukiletewa mradi wa "mawe yanayozalisha maji" kijijini kwenu, kabla hamjachanga hela uliza kwanza: maji yanaingilia wapi, na ni lita ngapi kwa siku?