Lambo la Mtu Binafsi na Daraja la Usalama Wake

Katika wilaya nyingi za kilimo, wanachama wa vyama vya msingi hulima na kujenga nyumba chini ya malambo ya udongo ambayo si mali ya chama wala ya kijiji, bali ya mwenye shamba mmoja. Yafaa kila katibu aelewe maana ya daraja linalopewa lambo la namna hiyo.

Kanuni za Rasilimali za Maji za Kenya za mwaka 2007 ziliyagawa malambo katika madaraja matatu. Daraja A lilikuwa lile lenye kina kisichofika meta 5, na ujazo chini ya meta za ujazo 100,000. Daraja B lilikuwa la kina cha meta 5 hadi kukaribia 15, na ujazo usiozidi meta za ujazo 1,000,000. Yaliyozidi hapo yaliwekwa Daraja C. Ukubwa wa ardhi inayomwaga maji lamboni ulihesabiwa pia.

Hata hivyo, udogo wa lambo usimdanganye mtu. Meta za ujazo 100,000 ni tani 100,000 za maji. Kwa sababu hiyo, katika nchi kadhaa, Marekani ikiwa mojawapo, daraja la hatari hutokana na madhara yatakayotokea endapo tuta litavunjika. Lambo dogo lililo juu ya nyumba za watu huwekwa katika daraja la juu kabisa, hata kama tuta lake ni zima. Aidha, daraja hubadilika: palipokuwa na malisho zamani pakijengwa shule, hatari huongezeka ingawa tuta halikuguswa.

Mfano wa kusikitisha ni wa Solai, katika Kaunti ya Nakuru. Usiku wa tarehe 9 Mei, 2018, baada ya mvua nyingi za masika, lambo la udongo la shamba la mtu binafsi lilibomoka. Maji yaliteremka juu ya makazi, na watu zaidi ya 40 walipoteza maisha, wakiwamo watoto.

Tuta la udongo huvunjwa hasa kwa njia mbili. Ya kwanza ni maji kupita juu yake, njia ya kutolea maji ya ziada inapokuwa nyembamba au imeziba. Ya pili ni maji kupenya ndani, yakifuata mizizi ya miti, mashimo ya wanyama au vichuguu. Maji maangavu yanayochuruzika chini ya tuta yachunguzwe. Yakigeuka kuwa ya matope, yanabeba udongo wa tuta lenyewe, na watu wahame mara moja.

Kwa hiyo, kabla ya masika, halmashauri ya chama imwombe mwenye lambo aonyeshe kibali chake, daraja la lambo na tarehe ya ukaguzi wa mwisho. Majibu yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Asipojibu, ofisi ya maji iarifiwe kwa barua, na nakala ihifadhiwe. Mali ni ya mwenyewe, lakini maji yakishatoka hayaulizi mpaka wa shamba.