Karatasi ya FBP na swali la "atapona?"

Wadau, mwezi uliopita nilikuwa Kwedizinga. Mjomba alianguka asubuhi akienda shamba, mdomo ukaenda upande, mkono wa kulia ukalegea. Wazee wakasema ni upepo mbaya, ikapita siku nzima ndipo tukampakia kwenye gari kwenda hospitali (siitaji). Huko swali lilikuwa moja tu: atapona au ndio basi? Maana baadhi ya ndugu walishaanza kusema arudishwe nyumbani, hela zisipotee bure.

Daktari kijana akatuonyesha karatasi ya FBP, kile kipimo cha damu ambacho wengi wetu tunapimwa kisha karatasi tunaitupa. Kumbe ina habari! Sehemu ya ubongo ikikosa damu, mwili unashtuka na homoni za msongo zinapanda. Chembe nyeupe aina ya neutrofili zinaongezeka, limfosaiti zinapungua. Gawa za kwanza kwa za pili, unapata uwiano. Mjomba alikuwa na 9.6 kwa 1.2, yaani 8. Tafiti nyingi za nje zinaonyesha uwiano ukiwa mkubwa, wanaokufa au kubaki na ulemavu ni wengi zaidi, na nimonia inawapata kirahisi kwa kuwa kinga imeshuka.

Sukari nayo inasema. Hiyo hupimwa kwanza, maana ikishuka sana mtu anaweza kuonekana kapooza kumbe si kiharusi. Ikiwa juu ni dalili mbaya, hata kwa asiye na kisukari. Figo kufanya kazi vibaya na upungufu wa damu pia havileti habari njema.

Ila msizibebe namba hizi kama Msahafu. Tafiti nyingi zimefanyika China na Ulaya, wakati Waafrika wengi tuna neutrofili chache kwa kuzaliwa bila ugonjwa wowote; inatokana na jeni ile ile inayotukinga na malaria ya vivax. Ongeza malaria yetu ya kawaida na VVU, hesabu inavurugika. Utafiti wa Hai na Dar wa 2003 hadi 2006 ulikuta wagonjwa wapya wa kiharusi kama 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka Hai, na 316 Dar. Hizo zinasema wangapi wanaugua, hazisemi uwiano upi ni wa kuogopa. Tena FBP haijui kama mshipa umeziba au umepasuka, hiyo ni kazi ya CT-Scan. Na umri pamoja na ukali wa kiharusi chenyewe vina uzito kuliko namba yoyote ya damu.

Daktari yule hakutuambia mjomba atakufa. Alisema 8 maana yake tumchunge kifua: asinyweshwe uji mpaka apimwe kumeza kwa kijiko cha maji, akalishwe, ageuzwe kila baada ya saa mbili. Tukapeana zamu. Siku ya sita uwiano ulikuwa 4, na wale wa "arudishwe" wakanyamaza.

Jana kanipigia mwenyewe. Maneno yanakwama, lakini nilimsikia vizuri akiuliza nani anachunga mbuzi wake.