Kuagiza Gari Ng'ambo: Je, Chama Hupata Nafuu?

Kila msimu wa korosho unapomalizika na hesabu za minada kufungwa, swali moja hurudi katika mikutano ya vyama vya msingi vya Tandahimba, Newala na Masasi: je, chama kinunue gari? Na likishakubaliwa swali hilo, hufuata la pili ambalo aghalabu huleta ubishi mkubwa zaidi. Wako wasemao kwamba gari linunuliwe Dar es Salaam, mnunuzi akiliona kwa macho na kulijaribu barabarani. Wako pia wasemao kwamba wauzaji wa Dar es Salaam ni walanguzi tu, na kwamba chama kikiagiza chenyewe moja kwa moja kutoka ng'ambo kitaokoa fedha nyingi.

Hoja ya hao wa pili humwingia mkulima wa korosho kwa urahisi, kwani yeye anamfahamu mtu wa kati. Amemwona mnunuzi wa kangomba akija kijijini na bakuli lake wakati wa njaa, akinunua korosho zingali mtini kwa bei ya kutupa. Tangu Stakabadhi Ghalani ilipoanza kutumika mkoani Mtwara katika msimu wa 2007/08, amejifunza kwamba kumwondoa mtu wa kati huongeza fedha mfukoni. Basi hujiuliza: ikiwa ndivyo kwa korosho inayotoka, kwa nini isiwe hivyo kwa gari linaloingia? Swali hilo ni la haki. Jibu lake, hata hivyo, halipatikani kwa maneno bali kwa hesabu.

KUCHUKUA GARI MLANGONI MWA KIWANDA

Desturi ya kununua gari moja kwa moja kiwandani si ngeni duniani. Kwa miaka mingi viwanda vya Ulaya, kama vile Volvo cha Göteborg, Mercedes-Benz cha Sindelfingen na BMW cha München, viliwaruhusu wateja kutoka Marekani kusafiri hadi Ulaya, kukabidhiwa magari yao mapya, kuyaendesha huko kwa siku kadhaa, kisha kuyaacha yasafirishwe kwa meli hadi kwao. Mteja alipata punguzo la bei, na kiwanda kilijipatia rafiki. Mwaka 2020 BMW na Mercedes-Benz zilikomesha mpango huo kwa Wamarekani.

Jambo la kuangaliwa ni kwamba nafuu ile ilitokana na kiwanda chenyewe kuamua kupunguza bei na kuigharimia safari ya gari. Haikutokana na kumkwepa wakala, maana mauzo yenyewe yalipitia kwa wakala wa nchi ya mteja. Tena magari hayo yalikuwa na usukani wa kushoto, ambao haufai kwa nchi ya Tanzania, ambako magari hupita upande wa kushoto wa barabara na usukani hukaa kulia. Viwanda vikubwa kwa kawaida haviuzi gari moja moja kwa chama cha ushirika cha ng'ambo. Huuza kwa wakala aliyeteuliwa, naye ndiye mwenye kutoa dhamana na vipuri.

Hapa nchini ziko kumbukumbu za namna nyingine. Katika miaka ya 1970 magari yaliingizwa na kugawanywa na shirika la umma, State Motor Corporation, na kupata gari kulihitaji kibali na subira. Mwaka 1984 Serikali ilipowaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa bila kuulizwa walikozipata, magari madogo ya mizigo yalikuwa miongoni mwa vitu vilivyoonekana haraka barabarani. Tangu hapo wazo la kujiagizia gari limekuwa la watu wote.

Wako pia ndugu waishio ng'ambo ambao hurudi na magari yao. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 humsamehe ushuru wa gari moja mtu anayehamishia makazi yake nchini, mradi amelimiliki na kulitumia mwenyewe huko nje kwa muda usiopungua miezi 12, bila kuhesabu siku za safari ya meli. Msamaha huo ni wa mtu na makazi yake. Chama cha ushirika hakihami makazi; kwa hiyo hakihusiki nao. Isitoshe, magari yenye uwezo wa kubeba mzigo unaozidi tani mbili hayamo katika msamaha huo. Mwanachama anayeahidi kwamba jamaa yake wa ng'ambo atakiletea chama gari bila ushuru anaahidi jambo ambalo sheria hailikubali.

KWA NINI GARI LA JAPANI HUONEKANA RAHISI

Kwa kawaida kuagiza ng'ambo humaanisha kuagiza gari lililokwisha kutumika kutoka Japani. Urahisi wake una sababu zake. Huko Japani gari jipya la abiria hukaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu, na kisha kila baada ya miaka miwili. Ukaguzi huo una gharama, na wenye magari wengi huona ni heri kuuza na kununua jipya kuliko kulipia ukaguzi wa gari kuukuu. Hivyo soko lao hujaa magari mazuri yasiyotakiwa na wenyewe. Na kwa kuwa Wajapani nao hupita kushoto, usukani wa magari yao unafaa kwa barabara za Afrika Mashariki.

Bei hiyo ndogo, hata hivyo, ni ya gari lililoko Japani. Gari linalohitajika ni lile lililoko Tandahimba. Kati ya bei hizo mbili pana bahari, bandari, forodha, na barabara ndefu inayovuka Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji kabla ya kupanda uwanda wa juu wa Makonde.

HESABU YA FORODHA

Na ichukuliwe kwa mfano kwamba chama kimepata gari dogo la abiria, lenye injini isiyozidi sentimeta za ujazo 2,000 na umri usiofikia miaka minane. Thamani yake pamoja na bima na nauli ya meli hadi bandari ya Dar es Salaam ni shilingi 20,000,000. Kwa viwango vilivyozoeleka, hesabu huwa hivi:

Ushuru wa forodha, asilimia 25: shilingi 5,000,000.
Ushuru wa bidhaa, asilimia 5 ya jumla ya shilingi 25,000,000: shilingi 1,250,000.
Kodi ya Ongezeko la Thamani, asilimia 18 ya jumla ya shilingi 26,250,000: shilingi 4,725,000.

Jumla ya kodi hizo tatu ni shilingi 10,975,000, na gari sasa limefikia shilingi 30,975,000. Msomaji ataona kwamba kila kodi inatozwa juu ya ile iliyotangulia, wala hazikokotolewi kila moja peke yake juu ya bei ya gari. Ndiyo maana gari linapanda kwa zaidi ya nusu ya thamani yake kabla halijatoka getini. Hapo bado hazijaongezwa tozo ndogo ndogo, kama ile ya maendeleo ya reli iliyoanzishwa mwaka 2015.

Wengine husema: basi na linunuliwe gari la zamani zaidi, lenye bei ndogo. Hapo ndipo wengi hupotea. Gari la abiria lenye umri wa miaka minane hadi kumi huongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 15, na lililozidi miaka kumi asilimia 30. Gari la namna ile ile lenye miaka zaidi ya kumi likipatikana kwa shilingi 14,000,000 hadi bandarini, kodi zake zitafika shilingi 13,877,500, na jumla yake itakuwa shilingi 27,877,500. Kule ng'ambo lilikuwa rahisi kwa shilingi 6,000,000. Getini limekuwa rahisi kwa shilingi 3,097,500 tu. Nusu ya nafuu imekwisha kumezwa, na chama kimebaki na gari kuukuu. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi.

Liko jambo jingine lisilofahamika kwa wengi. Kwa magari yaliyotumika, Mamlaka ya Mapato Tanzania ina utaratibu wake wa kukadiria thamani kwa kufuata aina ya gari, mwaka wa kutengenezwa na ukubwa wa injini. Chama kikibahatika kupata gari kwa bei ya chini kuliko makadirio hayo, kodi haitashuka pamoja na bahati hiyo. Kikokotoo cha Mamlaka kinapatikana kwa kila mtu. Hivyo hesabu ya kodi hapana budi ifanywe kabla ya kutuma fedha, na kwa viwango vya mwaka huo, kwa kuwa Bajeti ya kila mwezi wa Juni huweza kuvibadili.

GHARAMA ZISIZOTAJWA MKUTANONI

Baada ya kodi huja gharama ambazo mara nyingi hazitajwi mtu anaposimama kulisifu gari la Japani. Hizo ni ada ya wakala wa forodha, gharama za bandari, ukaguzi wa ubora, usajili na namba, bima, mafuta na posho ya dereva. Hati za shehena zikichelewa, au fedha za kodi zikiwa hazijatimia, gari hukaa bandarini na gharama ya hifadhi huongezeka kila siku. Bandu bandu huisha gogo.

Ikiwa gharama hizo zote, katika mfano wa kwanza, zitafika shilingi 1,500,000, gari litakuwa limegharimu shilingi 32,475,000. Na ikiwa gari kama hilo katika yadi ya Dar es Salaam linauzwa shilingi 34,000,000, nafuu halisi ni shilingi 1,525,000. Kwa bei ya korosho ya shilingi 3,000 kwa kilo, hizo ni kama kilo 500. Si fedha za kudharauliwa. Lakini ni nafuu ya chini ya shilingi tano katika kila mia, wala si ile nusu ya bei inayosimuliwa vijiweni.

Nafuu hiyo ndiyo malipo ya hatari ambayo chama kimejitwisha. Mwenye yadi alinunua gari bila kuliona, akangoja meli mwezi mmoja au zaidi, akalitoa forodhani, akatengeneza kilichovunjika. Chama kikijiagizia, kazi zote hizo huwa zake. Gari likishuka na gia mbovu, hakuna wa kurudishiwa. Fedha zikitumwa kwa tapeli, hakuna mahakama ya karibu ya kumfikisha.

Kwa mwananchi mmoja hatari hiyo ni yake mwenyewe. Kwa chama cha msingi ni ya mamia ya wakulima waliokatwa shilingi chache katika kila kilo. Wanaushirika wa kusini wanajua jinsi mapato yanavyoweza kubadilika: katika msimu wa 2017/18 bei mnadani ilipita shilingi 4,000 kwa kilo, msimu uliofuata, Novemba 2018, Serikali ilichukua ununuzi wote kwa bei ya shilingi 3,300. Gari lililonunuliwa katika mwaka wa neema hudai mafuta, matairi na dereva katika mwaka wa shida pia.

YAPASAYO KUFANYWA

Kwanza, chama kiamue gari ni la kazi gani. Njia za mchanga za uwandani hazilingani na lami ya Dar es Salaam, na gari la kubeba salfa ya kupigana na ubwiriunga au korosho za kupeleka ghalani si lile la kumpeleka meneja benki. Viwango vya kodi vya magari ya mizigo navyo huhesabiwa mbali. Matrekta ya kilimo hayatozwi ushuru wa forodha, wala Kodi ya Ongezeko la Thamani. Kwa hiyo hesabu yake ni tofauti kabisa, na huenda kuagiza kukawa na faida kubwa zaidi.

Pili, zipatikane bei tatu kwa maandishi: ya wakala wa gari jipya, ya yadi, na ya kuagiza, zote zikiwa zimefikishwa Tandahimba.

Tatu, ununuzi uidhinishwe na mkutano mkuu, uingizwe katika makisio, na ikiwa ni kwa mkopo usivuke ukomo wa madeni ulioidhinishwa na Mrajis.

Nne, muuzaji wa Japani athibitishwe kabla ya kulipwa, mathalani kwa kuangalia kama ni mwanachama wa JUMVEA, chama cha wasafirishaji wa magari yaliyotumika nchini humo. Malipo yapitie benki, kwenye akaunti yenye jina la kampuni, kamwe si la mtu binafsi.

Tano, muda uzingatiwe. Minada huanza Oktoba. Gari lililoagizwa Septemba litafika wakati magunia yamekwisha kubebwa kwa lori la kukodi, na kodi ya lori hilo itakuwa imekula nafuu yote.

Sita, vyama vishauriane kupitia chama kikuu. Vyama vitano vikiagiza magari ya aina moja kwa pamoja, wakala wa forodha huwa mmoja, fundi huwa mmoja, na vipuri vya kimoja hufaa kingine. Hapo nafuu huwa ya hakika, kwa sababu imetokana na umoja badala ya bahati.

Basi jibu la swali la mwanzo ni hili. Kuagiza ng'ambo kunaweza kuokoa fedha, lakini kidogo kuliko inavyodhaniwa, na kwa yule tu aliyefanya hesabu yote hadi gari lilipofika mlangoni pake. Chama kisicho na mtu wa kuisimamia kazi hiyo, wala akiba ya kukabili gari likifika na kasoro, heri kilipe hiyo tofauti ndogo Dar es Salaam na kupewa gari lililojaribiwa. Na kama hesabu itaonyesha kwamba lori la kukodi kwa miezi mitatu ya msimu linatosha, mkutano mkuu usione haya kuamua kutonunua gari kabisa.