Besi, Pedali na Lapi: Practice Bila Caretaker Kugonga Mlango

Maze, kuna uongo unazunguka mtaani. Ati ndio upige practice ya besi kwa keja, lazima sauti yako iingie kwa lapi. Zii. Geuza hiyo njia. Ngoma ndio itoke kwa lapi iingie kwa pedali, alafu wewe na ngoma mpatane kwa hedifoni. Hiyo ndio form. Na kebo yenyewe ni ile ya 3.5 kwa 3.5, ile ilikuwanga kwa radio za mathree kabla Bluetooth ikam. Luthuli unaipata na ganji ya smokie kadhaa.

Cheki nyuma ya pedali yako. Hizi multi-effects ndogo, kama Zoom B1 Four, ziko na katundu kameandikwa AUX IN. Wasee hukapita tu, wakikimbilia distortion. Kebo ianzie kwa shimo la hedifoni la lapi, iishie hapo AUX IN. Besi iende INPUT. Hedifoni ziende OUTPUT, na ubebe ile adapta ya jeki kubwa ya 6.35 juu hiyo tundu si ya saizi ya simu. Ushamaliza. Hakuna draiva, hakuna programu, hakuna update ya saa nne usiku inakam kukuharibia mood.

Mbona nimekazia hivi? Juu ya jam. Ukipitisha besi ndani ya lapi, sauti inageuzwa namba, namba zinapiga laini, zikifika mbele zinageuzwa sauti tena. Hiyo laini ndio inaitwanga buffer. Ikiwa ya sampuli 1024, na mashini inasoma 44,100 kwa sekunde, ushapoteza milisekunde 23. Hiyo ni kuingia tu, bado kutoka. Sasa piga hesabu: kwa ngoma ya BPM 120, sixteenth moja ni milisekunde 125. Ukiangusha 40 na kitu hapo, groove inalegea, na hujui nani amelegea, wewe ama mashini. Msee wa gita anaweza jificha nyuma ya reverb. Wewe wa besi uko na dramu bega kwa bega, unajificha wapi?

Kwa AUX IN hiyo stress haikufikii. Hata ngoma ikichelewa kutoka kwa lapi, inachelewa kabla ya kukufikia, so unaiskia na kuipiga ikiwa moja. Na pedali yenyewe imetengenezwa kuchapa hiyo kazi mbio, haina mambo mengi kwa kichwa kama lapi yenye tab thelathini za Chrome.

Wabuda wa band za kitambo watakushow bila amp ya kufika kifua wewe si msee wa besi. Wacha waongee. Walikuwa wanapiga kwa hoteli, analipa mwenye hoteli. Sisi tuko bedsitter, ukuta mwembamba, neighbour akipiga chafya unamwambia pole. Fathee wangu naye bado anauliza ka gita kamili ni nyuzi 6, hizo 2 zangu ziliuzwa ama zilikatika. Mwenye besi yoyote hapa Nairobi ashaskia hiyo swali.

Sasa tuongee aibu. Zile earbuds nyeupe za Bluetooth, za kila mtu pale TRM. Kwa luku, zinawaka. Kwa besi, aibu tupu. Bluetooth ya kawaida inaweza kukuchelewesha milisekunde zaidi ya 100, hiyo ni karibu sixteenth nzima imeenda. Tafuta hedifoni za waya zinafunika maskio, hata kama zinakufanya ukae msee wa call centre. Spika za lapi nazo usiziamini. E ya chini kwa besi ya nyuzi 4 ni kama Hz 41, na hizo spika hazifiki huko hata ziombewe. Utaskia tik tik ya vidole tu, udhani uko smooth.

Na usijaribu kuchomeka pedali kwa shimo la maiki ya lapi. Hilo linangoja sauti ndogo ya msee anaongea kwa mkutano. Pedali ikishuka na nguvu zake, kila kitu kinakwaruza. Alafu kuna ile setting ya kupunguza kelele: ukishikilia note ndefu, lapi inadhani ni feni, inaifuta. Besi yako! Inafutwa kama kelele! Hiyo lapi ililelewa na mabuda.

Stima nayo iko na tabia zake. Yetu ni ya Hz 50, na G ya fret ya 3 kwa uzi wa E ni Hz 49. Ukiskia kitu kinaimba G nyuma yako na hujashika uzi, huyo ni stima. Chomoa chaja ya lapi kwanza, mara mingi inanyamaza hapo hapo. Na skia hii poa: adapta ya router ya Wi-Fi isikaribie pedali. Jeki inaingia vizuri, inakuhadaa. Pedali nyingi zinataka volti 9 na negative iwe katikati. Za router kawaida ziko na positive hapo, na zingine ni volti 12. Utanusa moshi kabla uskie note.

Kurekodi ndio story ingine, hapo sauti lazima iingie kwa lapi. Lakini tundu la USB lisikudanganye. La B1 Four linabeba stima na settings za ile programu ya Guitar Lab, sauti halibebi. Boss GT-1B yenyewe inabeba, so unaweka draiva yake, unachomeka na kurekodi. Ka yako haibebi, saka interface, kale kaboksi ka kuingiza sauti kwa lapi. Scarlett Solo ya red inatoka fiti kwa picha, lakini bei yake inauma. Behringer UM2 inachapa kazi ya keja bila kukutoa kodi ya nyumba. Zote ziko na direct monitor: ukiiweka on unajiskia kabla lapi haijakugusa, na ile jam inaisha. Ukiwa na UM2 kwa Windows, ongeza ASIO4ALL, draiva ya bure, shusha buffer hadi 128, hapo ni milisekunde 3 hivi. Audacity, programu ya kurekodi, pia ni ya bure. Usilipie programu yoyote bado.

Ya kuanza nayo? Les Wanyika, Sina Makosa, besi ya Tommy Malanga. Weka YouTube kwa 0.75. Skia vile anakata note fupi, vile anaacha nafasi gita zipumue. Hizo nafasi ndio kazi, na ndio zinapotea kwanza ukichelewa hata kidogo. Usiguse speed ya kawaida mpaka zikae.