Dhikri Hutuliza Moyo, Lakini Dawa ya Presha Isiachwe

Alfajiri moja, baada ya imamu kutoa salamu, mzee mmoja wa safu ya mbele msikitini kwetu alishindwa kuinuka. Mdomo ulikuwa umepinda, na mkono wake wa kulia umelegea. Hospitalini tuliambiwa ni kiharusi. Nyumbani kwake mkewe alitutolea vidonge vya presha vya miezi miwili, havijaguswa. Mzee alipopata nafuu alikuwa amemwambia, "Mama Salma, sasa nyiradi zanitosha."

Nia yake ilikuwa njema, lakini alijidhulumu. Shinikizo la damu ni maradhi ya kimya. Kipimo kikifika 140 kwa 90, na kikarudi hivyo siku nyingine, mtu huhesabiwa kuwa mgonjwa, hata kama hasikii maumivu yoyote. Mara nyingi nafuu anayoiona mgonjwa ni kazi ya dawa ile ile anayotaka kuiacha.

Hata hivyo, utulivu una nafasi yake. Hofu na hasira huuharakisha moyo na kuibana mishipa. Pumzi za taratibu huilegeza. Mwaka 1975 Daktari Herbert Benson wa Marekani alitoa kitabu kilichoeleza jambo hili. Njia yake ni kuketi kimya, kulegeza viungo na kurudia neno moja kwa kila pumzi.

Nasi tuna nafasi hiyo kila baada ya swala. Keti, legeza taya, mabega na mikono. Vuta pumzi puani kwa hesabu ya nne, itoe polepole kwa hesabu ya sita, huku ukimtaja Mola wako. Dakika kumi, asubuhi na jioni, zatosha. Lakini tujue kwamba mazoezi haya hushusha presha kidogo tu. Hayajazi pengo la dawa.

Mtume (s.a.w.) alimfundisha bedui amfunge ngamia wake kisha ategemee. Kumeza kidonge ndiko kumfunga ngamia. Ramadhani ikikaribia, muone daktari akupangie dawa kwa saa za daku na futari. Usiziache kwa uamuzi wako.

Mzee wetu sasa huswali kitini. Kila baada ya Isha mjukuu wake humletea maji na kidonge, akimeza ndipo huchukua tasbihi, kwa mkono wa kushoto.

Ndugu msomaji, leo muulize mzazi wako: dawa umekunywa?